Pampu Ilikuwa Nzima

Nikimwona fundi amefika kwenye pampu ya hewa, akaigonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza kidogo, akasema "hii nzima," kisha akaenda zake kunywa chai, damu inanichemka. Nimestaafu. Nalima kahawa yangu huku Maguu, na daktari ameshanionya kuhusu presha. Lakini hilo likipita mbele ya macho yangu siwezi kunyamaza. Basi kaeni, nyie mnaoanza kazi hii, na msitegemee nitaongea kwa upole.

Pampu ninayoisema si ya maji. Ni kile kisanduku cha umeme kinachovuta hewa ya nje na kuisukuma kwenye mpira mrefu mpaka ndani ya kofia aliyovaa mtu anayefanya kazi mahali pasipopumulika: ndani ya tanki, ndani ya ghala lililopigwa dawa, ndani ya tumbo la boti linalopakwa rangi. Zile rangi za kuchanganya makopo mawili zinashika chuma vizuri, na mapafu zinayashika vizuri vilevile. Mtu aliye mle ndani hana hewa nyingine. Anapumua ulichompelekea wewe, kiwe kizuri au kibaya. Sasa kitu cha namna hiyo unakigonga kwa bisibisi?

Mimi nilifundishwa na mzee Gaudensi, fundi mkuu wa kampuni ya rangi na uchomeleaji niliyofanyia kazi pale Mbinga karibu maisha yangu yote. Alikuwa mtu mfupi, mkali, na hasira yake niliirithi pamoja na spana zake. Siku moja dereva wetu, Zeno, aliisikia pampu inalia kama kitoto cha nguruwe. Akaona huruma. Akachukua oili ya injini akaimiminia kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Kelele ikakoma, naye akaja kutuambia ameitibu.

Mzee Gaudensi aliwasha pampu, akaunga mpira, akamnyooshea Zeno kofia.

"Vaa."

"Nivae ya nini, mzee?"

"Vaa, upumue ulichokipika."

Zeno alivaa. Hakumaliza hata kufunga mkanda wa shingoni, akaivua akikohoa, machozi yanamtiririka. Mpaka jioni alikuwa akilalamika kwamba chai yake inanuka gereji. Sisi tulicheka, mzee hakucheka. Alinikalisha chini akaifungua pampu mbele yangu, akanionyesha vibapa, vile vipande bapa vyeusi vya kaboni vinavyozunguka ndani na kusukuma hewa. Vibapa vile vinajilainisha vyenyewe, havitaki tone la oili. Ukivipa oili, ule unga mweusi unageuka uji, vinaganda kwenye nafasi zake, na kabla pampu haijafa itakuwa imemlisha mtu mvuke wa oili. Ilibidi tufute chemba yote kwa kitambaa kikavu na kuweka vibapa vipya. Kumbe kilio kile kilikuwa cha vibapa vilivyoisha. Pampu ilikuwa inasema kweli, Zeno akaiziba mdomo.

Kuziba mdomo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, na nitalirudia mpaka mchoke.

Msidhani kazi hii ni hasira tupu. Kuna siku nilitumwa ziwani kwa sababu pampu ilikuwa imekosa nguvu kabisa, geji ya presha imelala, mota ya moto huwezi kuishika. Vijana walikuwa wameshaifunga kwenye boksi ipelekwe Dar es Salaam. Nikawaambia fungueni boksi. Nikafungua kifuniko cha filta, nikakuta donge jeusi limeshikana kama mkate. Lilikuwa usubi! Anayejua Ziwa Nyasa anajua jinsi wale wadudu wadogo wanavyopanda juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa, kisha upepo unawaleta nchi kavu wakajaa mpaka puani. Pampu ilikuwa imewavuta asubuhi nzima. Mama mmoja wa pale alichungulia akasema, "Fundi, usitupe, hicho ni kitoweo," na hakuwa anatania, maana wapo wanaowaponda wakawapika. Nilifuta, nikaweka filta nyingine, geji ikasimama. Safari nzima ya Dar es Salaam ilikuwa imebaki kwenye kifuniko cha skrubu nne.

Basi shikeni hivi. Pampu ikilegea, anza na filta. Kisha fuata mpira kwa mkono wako, hatua kwa hatua, maana utakuta umekunjwa, au umekaliwa na ndoo ya rangi, au unavuja kwenye maungio. Kisha shika waya wa umeme. Ukiwa na joto, ni mwembamba kwa urefu ule, na mota inapata umeme mdogo, inachemka na kujizima. Msinunue waya wa taa mkaufanya wa pampu. Mwisho kabisa ndiyo ufungue vibapa. Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi, na ndilo lililonitoa kwenye kahawa yangu kuja kuwapigia kelele.

Tulipata kazi Lipingo, kwenye boti la chuma la mizigo. Lilikuwa limevutwa mchangani kwa magogo na minyororo, linachomelewa na kupakwa rangi ndani. Mimi nilibaki karakana Mbinga. Msimamizi wa kazi alikuwa Kasian, mtu wa maneno mengi na simu mbili. Aliyekuwa anapaka rangi ndani ni Kandida, mama wa watoto watatu kutoka Mpepai. Nimefanya kazi na wapaka rangi wengi. Huyu hakuwa na mfano. Alikuwa akipita kwenye kona za chuma ambazo wengine wanaziruka, na hakuna aliyewahi kurudia alipopita yeye.

Kasian akanipigia simu. "Fundi Betram, njoo uangalie pampu yako. Kandida analalamika kila siku. Mara kichwa, mara kichefuchefu. Mimi naona ni mambo ya kike, lakini njoo tumalize maneno."

Nikashuka. Nilifika asubuhi, ziwa limetulia kama limepigwa pasi. Nikasalimia, nikafungua pampu. Filta safi. Mpira mzima. Waya wa baridi. Geji imesimama panapotakiwa. Nikavaa kofia mwenyewe, hewa ilikuwa nzuri, unaweza kulala nayo.

Kasian akapiga makofi. "Mmeona? Pampu nzima! Tatizo ni mtu."

Kandida alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, ovaroli yake ya bluu imeshuka mabegani. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyezoea kutosadikiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe."

"Nikuambie nini? Ameshasema pampu ni nzima."

"Pampu sijaiuliza. Nakuuliza wewe."

Akapandisha ovaroli mabegani, kisha akasema taratibu, "Asubuhi hakuna shida. Naimba humo ndani. Tukishakula mchana, nikirudi, haichukui muda, kichwa kinabana hapa, magoti yanalegea. Nikitoka nje nikakaa, kinaachia. Jumapili siumwi. Na si rangi, baba, rangi naijua. Hii ni nyingine."

Vijana, sikilizeni maneno yale. Asubuhi hapana, mchana ndiyo. Jumapili hapana. Akitoka nje inaachia. Hakuna geji duniani iliyoweza kunipa habari hiyo. Kasian alikuwa na habari hiyo mkononi siku zote, akaiita mambo ya kike!

Nikasema nitangoja mchana. Kasian akaguna, akaenda kwenye simu zake. Tulikula ugali na samaki, na tulipokuwa tunanawa mikono nikasikia shati linapepea mgongoni. Upepo ulikuwa umegeuka. Asubuhi unateremka kutoka milimani kwenda ziwani. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, kila mtoto wa mwambao anajua. Nikatazama jenereta lililokuwa linaipa pampu umeme. Walikuwa wameliweka upande wa maji, nyuma ya boti, ili kelele zake zisiwasumbue. Pampu ilikuwa upande wa nchi kavu, mbele ya boti. Asubuhi moshi ulikuwa unakwenda zake ziwani. Na mchana je?

Karibu na pale palikuwa na mama mmoja wa Kianglikana, Mama Tamari, anayeanika dagaa kwenye vichanja. Nikamwomba konzi ya majivu jikoni kwake. Nikayamwaga kidogo kidogo mbele ya bomba la moshi la jenereta. Yalipita chini ya tumbo la boti kama yamepewa njia, yakatokea upande wa pili, yakaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu.

Mama Tamari akapiga kelele, "Nilisema! Dagaa wangu wananuka mafuta kila mchana, nikaambiwa nina pua ndefu!"

Ndani ya moshi wa injini kuna sumu isiyo na rangi wala harufu. Filta inanasa vumbi, inaweza kupunguza hata harufu ya moshi, lakini sumu ile inapita. Maana yake filta nzuri inaweza kukuficha hatari. Pampu nzima kabisa, inayofanya kazi vizuri kabisa, ilikuwa inampelekea Kandida sumu vizuri kabisa.

Nikamweleza Kasian. Akanisikiliza akitazama simu.

"Fundi, nilikuita utengeneze pampu. Sikukuita kuchunguza upepo."

"Jenereta lihamishwe, liende mbali kule pembeni ufukweni, sio mbele wala nyuma ya boti."

"Kebo haifiki."

"Nitaleta ndefu, nene. Mpaka nirudi, afanye kazi asubuhi tu. Upepo ukigeuka anatoka."

"Mwenye boti analitaka majini wiki hii."

"Kasian, huyu mtu atakufa."

"Sawa, fundi, sawa. Asubuhi tu." Akanishika bega. "Mbona unakuwa mkali hivyo?"

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda Mbamba Bay kutafuta kebo. Nilizunguka maduka mpaka nikapata ya unene unaofaa, nikaivaa begani kama mkufu wa ng'ombe, tukaanza kurudi. Mchana ulikuwa umeshapita. Njiani tukapishana na pikapu inakuja kasi, taa zinawaka, vumbi tupu. Ilipotupita nikaona nyuma kuna watu wamepiga magoti wameshikilia kitu, na pembeni inaning'inia miguu. Ovaroli ya bluu.

Nikamwambia kijana wa bodaboda, "Geuza." Akauliza, "Mzee, na kebo?" Nikamwambia geuza. Kisha nikaona hatutaifikia, na kwamba mimi si daktari. Nikamwambia tuendelee Lipingo. Sikumbuki tulipita wapi.

Haya niliyakusanya kwa waliokuwepo. Asubuhi Kandida alifanya kazi. Upepo ulipogeuka alitoka, kama nilivyosema. Kasian akamwambia arudi amalize ukuta mmoja. Akakataa. Kasian akamwambia Mbinga imejaa vijana wanaotafuta kazi, akitaka avue ovaroli aende zake. Ana watoto watatu. Akaingia. Na yule kijana anayeshika kamba mlangoni, ambaye hana kazi nyingine isipokuwa kumwangalia aliye ndani, Kasian alimtuma stoo akalete thina ya kuzimulia rangi. Mlango wa shimo la boti ukabaki bila mtu.

Aliyemwokoa ni Mama Tamari. Alizoea kumsikia Kandida akiimba nyimbo za kanisani mle ndani, sauti inatoka kwenye chuma kama kwenye mtungi. Akasikia wimbo umekatika katikati ya ubeti na haurudi. Akaacha dagaa, akapanda ngazi ya boti na kanga yake, akachungulia, akapiga yowe. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakaja, wakamvuta kwa kamba. Wakamlaza mchangani, wakamvua kofia. Kofia ilikuwa bado inapuliza.

Nilipofika, Kasian alikuwa amesimama karibu na boti, simu zote mbili mkononi. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili:

"Fundi, pampu yako imetuulia mtu."

Sijawahi kumpiga mtu kazini. Siku ile mkono ulinyanyuka, Mama Tamari akaushika. Nikaweka kebo chini. Nikaenda kwenye pampu, bado iko palepale, nikaiwasha mbele ya watu wote. Geji ikasimama panapotakiwa. Nikasema kwa sauti ambayo nadhani walinisikia ng'ambo ya ziwa: "Pampu ni nzima! Jana ilikuwa nzima, leo ni nzima! Muulizeni huyu ni nani aliyemrudisha Kandida ndani!"

Watu wote walimtazama. Kasian akaanza kueleza habari za mwenye boti. Wavuvi wakarudi kwenye nyavu zao wakamwacha anaongea peke yake.

Kandida hakufa. Alipewa oksijeni, akalala hospitali muda mrefu, akazinduka. Wakubwa wa kampuni wakaja, wakaniita pembeni kwa upole mwingi, wakaniomba niseme pampu ilileta hitilafu. Mota ilijizima, kitu kama hicho. Wakasema ikiwa ni mashine, basi ni ajali, hakuna wa kulaumiwa, kazi inaendelea. Nilikataa. Wakanikumbusha kwamba nakaribia kustaafu. Nikawaambia naukumbuka umri wangu vizuri. Alipokuja afisa wa kazi wa serikali nilimweleza kama nilivyowaeleza nyie, hadi majivu. Mama Tamari naye alieleza, na hakupunguza sauti. Kampuni ikaagizwa imtibu Kandida, na Kasian akaondolewa. Mnajua alikokwenda? Anasimamia kazi kwingine, nasikia ana gari. Hilo nalo likinijia usiku silali.

Niliondoka kazini baadaye kidogo. Kwenye kuniaga walisimama wakanisifu kwamba pampu za mzee Betram hazikuwahi kuharibika. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namfikiria mtu mmoja, nikakaa chini bila kuhutubia.

Mwezi uliopita nilikwenda Mpepai kumwona. Analima mahindi kidogo, wanawe wanamsaidia. Mikono inamtetemeka, brashi hawezi kuishika tena. Maneno mengine yanamkwepa, anayatafuta mpaka anakasirika. Alinikaribisha kiti, akanipa togwa, tukazungumza habari za mvua. Kisha akaweka kikombe chini.

"Baba, siku ile uliyokuja Lipingo, mpaka unavaa ile kofia, ulikuwa umeshaniamini?"

"Nilikuamini uliposema Jumapili huumwi."

"Mimi nilikuwa nimeshasema. Nilimwambia Kasian. Niliwaambia wote pale. Kila mtu alikwenda kuangalia pampu." Akatafuta neno, midomo inatetemeka, na nikaona ni hasira, hasira safi kama yangu. "Hakuna... hakuna aliyeniangalia mimi."

Nilikaa pale mpaka jua likashuka. Aliponisindikiza barabarani alikuwa anatembea polepole, ameshika mkono wangu. Tukasikia bodaboda inakuja.

"Baba, bado unafundisha vijana?"

"Wakija, nawafundisha."

"Basi wakifika, usianze na pampu," akasema. "Anza na mimi."